Sultani Aliyebeba Kamba Vidongeni

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kupigania ukuta wa jirani, palikuwa na mji ukiitwa Shungi, na katika Shungi palikuwa na mtaa wa Vidongeni. Vidongeni ndiko alikokaa Sultani, na ndiko alikokaa kila mtu. Jumba la Sultani lilisimama katikati, limepakwa chokaa mpaka linaumiza macho, na pande zote vibanda vya udongo vimesongamana kama kuku waliokimbia mvua. Ukikaanga dagaa kwako, Sultani huko juu anajua. Mkewe akimfokea huko juu, nawe huku chini unajua. Ndivyo walivyoishi, wala hakuna aliyekufa kwa hilo.

Basi katika mtaa huo alikuwako mtu akiitwa Mwinjuma. Hakuwa na kitu wala kazi, ila hakuna harusi iliyompita. Mtu akikunjua jamvi tu, Mwinjuma keshafika, kashika mwiko, anakoroga, anaonja chumvi, anaonja tena, mpaka wenyewe wanamwambia, "Bwana we, chumvi imeshatosha!" Aliyemlisha siku zote ni mkewe, Mwanakombo, kungwi wa mtaa, mfunda wari na mkuu wa vyungu vyote vya harusi. Watu walimwita Mwinjuma mjinga, na Mwanakombo alikuwa wa kwanza. "Mume wangu mimi," alikuwa akisema, "ukimtuma moto hukuletea jivu, akakwambia lilikuwa moto wakati anaondoka huko."

Ikawa siku moja Waziri Khalfani amerudi safari. Alikuwa amezuru miji ya watu, akaona njia zilizonyooka na mifereji ya mawe, akarudi pua juu, kila cha kwao kinamnukia. Akaingia barazani, akamwambia Sultani Harithi:

"Maulana, mitaa ya wenzetu imepangwa ikapangika. Huu wetu ni ukili uliofumuka, haujulikani unakoanzia wala unakoishia. Tuuwekee mpaka. Ndani ya mpaka tutanyoosha njia, tutachimba kisima, tutajenga mifereji. Nje ya mpaka, vile vibanda tuvibomoe tupate bustani."

Sultani akapenda. Sultani Harithi kila neno alilosikia mwisho ndilo lililokuwa na akili kwake, na siku ile Waziri ndiye aliyesema mwisho.

Loo! Mbiu ilipopigwa kwamba mtaa utawekewa mpaka, Vidongeni hakukukalika tena. Watu walioombana chumvi tangu enzi za mababu wakaanza kupimana kwa macho. Palikuwa na ndugu wawili, tumbo moja, ukuta mmoja, na kila mmoja akaapa kwamba mtaa unaishia kwenye ukuta ule, yeye yuko ndani na nduguye yuko nje. Bi Kidawa, yule mtwanga bizari, akaambiwa na wifi yake mbele za watu, "Wewe si wa huku, kwenu bondeni." Bi Kidawa akaweka mchi chini, akajishika kiuno. "Bondeni? Bondeni ndiko kaka yako alikokuja kulilia posa, machozi na kamasi! Hukumwambia amevuka mpaka?" Wakashikana mitandio, bizari ikamwagika, mtaa mzima ukapiga chafya.

Na wazee nao, wenye ndevu zao, wakapanda barazani kila mmoja na mpaka wake. Huyu asema mtaa unaishia kwangu, nyuma yangu ni pori. Yule asema hapana, unaishia kwangu, huyu ndiye pori. Na ukitazama sana, kila mpaka ulimtoa nje mtu aliyegombana na mwenye kuutaja.

Mwinjuma alikuwa amekaa mlangoni mwa baraza, akingoja kama kutatolewa kahawa. Akasikia mipaka ile, akaangua kicheko.

"Ni nani huyo anayecheka mbele yangu?" akauliza Sultani.

Waziri akamwinamia sikioni. "Maulana, huyo ni Mwinjuma, mjinga wa mtaa. Mpe yeye kazi hii. Apitishe mpaka, watu wamlaani yeye, nasi tubomoe kwa raha zetu."

Sultani akatabasamu. "Ewe Mwinjuma, njoo mbele! Wewe ndiwe utakayeniwekea mpaka wa mtaa wangu. Nataka mpaka ambao ndani yake asibaki mtu hata mmoja nisiyemhitaji, na nje yake asiwepo mtu hata mmoja ninayemhitaji. Ukikosea kwa mtu mmoja tu, utachapwa viboko hadharani, na kibanda chako kitakuwa cha kwanza kubomolewa."

Waziri akadakia, hakutaka kupitwa. "Na atakayeuvuka mpaka huo, awe wa nje kuingia ama wa ndani kutoka, naye achapwe. Mpaka usioogopwa si mpaka."

"Na iwe hivyo," akasema Sultani.

Mwinjuma akarudi kwake, akamkuta Mwanakombo anachambua mchicha.

"Wamekupa nini huko?" akauliza mkewe bila kuinua kichwa.

"Wamenipa mpaka."

"Nyoo! Wanaume wenzio wanapewa vilemba, wewe unapewa mpaka. Tutaupika?" Alipoelezwa habari yote, akaacha mchicha. Akatazama ukuta wa kibanda chake. "Sikiliza, Mwinjuma. Udongo wa nyumba hii niliukanyaga kwa miguu yangu nina mimba ya saba. Wewe ulikuwa umekwenda harusini. Nikaukandika kwa viganja hivi, na alama za vidole vyangu hizo hapo. Nyumba hii ikibomolewa, na wewe nitakubomoa."

Mwinjuma akazitazama zile alama za vidole, na kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka. Akili ilimwenda mbali. Akauliza polepole, "Mke wangu, hivi Sultani anamhitaji nani na nani?"

"Nitajuaje mimi? Kamuulize mwenyewe!"

"Hilo ndilo," akasema Mwinjuma, akainuka. "Akili yote ya nyumba hii iko kwako. Mimi nilipewa miguu tu."

Basi akarejea barazani, na akakuta baraza limejaa, maana siku ile walikuja wajumbe kutoka mji wa Mtondoo, kwa Jumbe Mwinyigogo. Mwana wa Jumbe huyo alikuwa amemposa Mwanaate, binti pekee wa Sultani, na wajumbe walikuja kufunga miadi ya harusi. Sultani alikuwa amejivimbisha mbele ya wakwe mpaka kiti kilikuwa kinalia.

"Maulana, afu yako," akasema Mwinjuma. "Mimi mjinga, siwajui unaowahitaji. Naomba nikuulize nisije nikakosea. Je, unamhitaji Saburi, mchota maji?"

Wajumbe wa Mtondoo wakageuza shingo. Sultani akasikia joto masikioni. "Mimi? Sultani wa Shungi nimhitaji mchota maji? Simhitaji!"

"Na Chambuso, mtapisha vyoo?"

Watu wakaziba vinywa. "Usinitajie uchafu mbele ya wageni! Simhitaji!"

"Bi Kidawa, mtwanga bizari?"

"Simhitaji!"

"Na Mwanakombo, kungwi?"

"Hayo ni mambo ya wanawake. Sultani haombi kitu jikoni."

Waziri alikuwa amesimama nyuma ya kiti anachekelea, kila jina likitajwa anaona bustani inaongezeka. Mwinjuma akamtazama, akasema kwa upole, "Na Waziri Khalfani, bwana, unamhitaji?"

Sultani akawatazama wajumbe, na wajumbe wakamtazama yeye. Akaona aibu kuonekana kama mtu anayeongozwa mkono.

"Jua neno moja, ewe mjinga. Sultani hahitaji mtu. Watu ndio wanaomhitaji Sultani."

"Hata yeye?"

"Hata yeye!"

"Basi kazi yangu imekuwa nyepesi, bwana," akasema Mwinjuma, akabusu mkono, akatoka.

Akaenda akachukua kamba ya makumbi ya nazi, akapigilia vijiti, akaizungusha kamba kwenye ukuta wa jumba la Sultani, papo hapo ukutani, mtu hawezi hata kupitisha kiganja. Alipomaliza akasimama mlangoni, akapaza sauti: "Mpaka wa mtaa wa Vidongeni huu hapa! Aliye nje asiingie, aliye ndani asitoke. Na wasiohitajiwa watoke kabla sijakaza fundo, kuna viboko!"

Wajumbe wa Mtondoo walikuwa wameshaaga na miadi yao. Wakatoka wapishi, wakatoka wafagizi, wakatoka wazee na mipaka yao. Mwisho akatoka Waziri Khalfani, kinyumenyume, macho kwa Sultani, akingoja kuitwa arudi. Sultani akatazama dari. Alikwisha sema mbele ya wakwe, na mate ya mkubwa yakishatemwa hayarambwi. Humo ndani akabaki yeye, mkewe Bibi Zamzamu, binti yao Mwanaate, na bawabu mmoja kiziwi ambaye hakusikia kwamba hahitajiwi.

Ama Sultani alikuwa amesema vibanda visibomolewe mpaka harusi ipite, asije akawatia wakwe vumbi machoni. Kwa hiyo watu wakapata nafasi ya kumlaani Mwinjuma vizuri.

"Umetutoa wote!" wakampigia kelele. "Hata mmoja hukumbakisha!"

"Wote, ndiyo," akasema Mwinjuma. "Sasa nani atamcheka mwenziwe?"

Wakatazamana. Wale ndugu wawili wakatazama ukuta wao, wakaona haya. Wifi akaenda kumsaidia Bi Kidawa kuchagua bizari iliyochanganyika na mchanga. Ugomvi wa mtaa mzima ukaisha hivyo, maana hapakuwa tena na kitu cha kugombania.

"Sikilizeni," akasema Mwinjuma. "Siku ya harusi vaeni nguo zenu nzuri, jipakeni mafuta, mkae kila mtu barazani kwake. Ila kamba msiivuke. Mimi naogopa viboko."

Mwanakombo akamtazama mumewe kwa muda, jicho moja kalifinya. Hakumtukana. Akaenda kuloweka hina.

Ikafika siku ya harusi. Huko ndani ya jumba, Bibi Zamzamu alisimama katikati ya magunia ya mchele, mikono kichwani.

"Bwana, nani atachagua mchele huu?"

"Ita watu."

"Niite nani? Umebakisha nani? Mtoto hajafundwa, hajatiwa hina, hana wa kumsuka. Pembe za vugo hazina wa kuzipiga. Mbuzi wamesimama uani wanatutazama, hata hao wanashangaa mbona hawajachinjwa!"

"Nitapika mimi," akasema Sultani.

"Utapika nini, wewe? Maji ya kunawa tu hujui yanatoka wapi!"

Kweli hakujua. Saburi hakuja, mtungi ukawa mkavu. Chambuso naye hakuja, na habari ya choo cha Sultani tuiache hapo hapo ilipo, isije ikatufuata. Sultani akapasua kuni kwa upanga wa dhahabu, upanga ukapinda. Akawasha moto, moto ukatoa moshi. Akatia mchele sufuriani bila kuuosha, na maji kidogo yaliyobaki ya kutawadha, chini ukaungua na juu ukabaki mbichi. Harufu ikatoka madirishani, Vidongeni nzima ikaipata. Mwinjuma akainua pua. "Chumvi hakutia," akasema.

Basi papo hapo wakwe wakatokea, Jumbe Mwinyigogo mbele, mwanawe nyuma kwenye punda, matarumbeta, zumari, wanawake na masinia. Wakaja kwa shangwe mpaka kwenye kamba. Hapo ngoma zikanyamaza moja moja, maana hakuna aliyezijibu. Hakuna kigelegele. Hakuna uturi wala udi. Watu wamekaa barazani kushoto na kulia, wamevaa wakapendeza, wanatafuna tambuu.

"Jamani," akauliza Jumbe, "hapa pana harusi ama pana matanga?"

"Bwana," akajibu Bi Kidawa kutoka barazani kwake, "hata matangani pana watu."

Sultani akasikia, akatoka mbio mpaka mlangoni, masizi usoni, kilemba kimekaa upande. "Karibuni! Karibuni wakwe, piteni!"

"Msipite!" akasema Mwinjuma. "Mtachapwa. Ni sheria ya humu."

Jumbe Mwinyigogo akamtazama Sultani toka masizi mpaka miguuni. "Sultani Harithi, ada ya kwetu na ada ya kwenu ni moja. Mwari hatolewi na baba peke yake. Jirani ndiye anayesimama akasema, 'Huyu tumemlea sisi, ni wetu, mkimwonea mtatuona.' Leo nani wa mtaa wako atakayesimama?"

Sultani akatazama kulia. Watu wakatema tambuu. Akatazama kushoto. Watu wakajipepea.

"Hakuna?" akasema Jumbe. "Basi sisi tulikuja kuoa kwa watu, na hapa naona ukuta. Wanangu, geuzeni punda."

Ndani kikasikika kilio cha Mwanaate, na juu ya kilio hicho sauti ya Bibi Zamzamu: "Harithi! Mtoto wangu akirudishiwa posa kwa kamba yako, na mimi utanitafuta!"

Sultani akamgeukia Mwinjuma. "Ewe mlaanifu, umenifanya nini?"

"Sikufanya kitu, Maulana. Ulitaka nje asiwepo unayemhitaji, nami nikakuuliza mmoja mmoja. Kama nimekosea, nichape. Nimemkosea nani?"

"Nawahitaji!"

"Nani?"

"Wote!"

"Ah, bwana, mimi mjinga, siwezi kubeba wote kwa neno moja. Na kamba hiyo mimi siigusi tena, niko nje, nikitia mkono ndani nimevuka. Ila wewe uko ndani. Ukiisogeza mbele yako hujavuka, uko ndani tu. Nenda nayo mpaka kwa unayemhitaji."

Sultani akawatazama wakwe, punda tayari kichwa kimeelekea kwao. Akainama, akang'oa kijiti, akaibeba kamba kifuani, akaanza kuisukuma mbele. Kanzu ikaingia mtaroni. Akafika kwa Mwanakombo.

Mwanakombo hakuinuka. "Hodi hiyo ya nani?"

"Ni mimi, bibi. Nakuhitaji."

"Sikusikia, moshi wa pilau lako umenijaa masikioni."

"Nakuhitaji!" akapiga kelele Sultani, mbele ya wakwe, mbele ya punda, mbele ya mtaa mzima.

"Basi pitisha kamba nyuma ya nyumba, na usinichubulie ukuta." Akainuka na bakuli la hina, akaingia jumbani kama mwenye jumba.

Kamba ikaisha. Bi Kidawa akatupa kamba ya mbuzi wake wakaiunga. Ikaisha tena, Saburi akafungua kamba ya ndoo. Mwingine akatoa ya kuanikia nguo, nguo bado zinaning'inia, na Sultani akaiburuta na mashuka ya watu nyuma yake. Mlango hata mlango akasimama akasema, nakuhitaji. Kwa Bi Kidawa alisema mara mbili, maana wifi naye alitaka neno lake peke yake. Kwa Chambuso alisema kwa sauti kubwa kuliko kote, tena kwa moyo wake wote. Kila aliyezungukiwa na kamba akakimbia ndani, na mara vugo zikaanza kulia, mchi ukaanza kutwanga, vigelegele vikapanda. Jumbe akasema, "Hebu rudisheni punda."

Sultani akaja akafika nyumba ya mwisho. Waziri Khalfani amesimama mlangoni, tabasamu limemfika masikioni, mikono ameinyoosha kuipokea kamba.

"Huyu naye, bwana?" akauliza Mwinjuma. "Unamhitaji?"

Sultani akasimama. Akafikiri. Nyuma yake Mwanakombo akaita dirishani, "Amua upesi, bwana, mtoto keshapambwa!"

Sultani akamtazama Waziri kama mtu anayejaribu kukumbuka neno, halikumjia. Akageuza kamba, akaipitisha upande wa huku, akarudi zake harusini.

"Maulana!" Waziri akalia. "Mimi ndiye niliyekupa mpaka huu!"

"Kweli, ni yeye aliyetupa," akasema Mwinjuma, naye akaingia.

Harusi ikachangamka. Mwari akatoka, na mtaa mzima ukasimama ukasema, "Huyu wetu, tumemlea, mkimwonea mtatuona," mpaka Jumbe Mwinyigogo akaziba masikio kwa mikono, akicheka. Na Waziri Khalfani kule nje ya kamba njaa inamuuma, pilau linanukia. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaona haya zimekwisha zenyewe. Akaja akasimama kwenye kamba ya nguo, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, hakuna hata mmoja anayenihitaji?"

Watu wakatafuna. Mifupa ikasikika. Mwisho Mwanakombo akachungulia chini ya sufuria ya pili, moto unataka kuzima.

"Mwinulieni kamba apite," akasema. "Kuni hizi mbichi, zinataka mtu wa kupuliza, na huyo pumzi anazo."

Basi Waziri akavua kilemba, akapiga magoti uani kwa Sultani, akapuliza moto wa watu, machozi yanamtoka kwa moshi, na kila aliyepita akamwambia, "Puliza, bwana Waziri, puliza!" Sultani akamwona, akacheka mpaka akakaa chini majanini na wapishi, akanyoosha mkono kwenye sinia la Chambuso, wakala pamoja. Vibanda havikubomolewa hata kimoja. Njia zilinyooshwa pale ziliponyooka, na pale zisiponyooka zikaachwa zizunguke nyumba za watu, na mpaka wa Vidongeni ukawa ni ule ule alioubeba Sultani kwa mikono yake.

Mwinjuma akaitwa apewe zawadi, akatafutwa kila mahali. Alikutwa jikoni, ameshika mwiko, anaonja chumvi.

Maneno yangu yameshaiva, nimeepua. Aliyeshiba anawe, na aliyebaki na njaa akaombe kwa jirani yake, kama anaye.